Historia ya Gusii, Kutoka Chini ya Gari

Ukitaka kusoma historia ya Gusii unaweza kwenda maktaba, na sikukatazi. Lakini kuna njia nyingine. Nenda gereji yoyote ya jua kali pale Suneka, Daraja Mbili au Keroka, omba kipande cha karatasi ya boksi, ulalie mgongo chini ya gari na uangalie juu. Utaona springi, shoki, bushi, amu na makovu ya welda. Kila kimoja kilichaguliwa na mtu. Aliyekichagua alijua barabara ikoje, mzigo utakuwa mzito kiasi gani na mfukoni mna pesa ngapi. Ukijumlisha chaguzi hizo za miaka sitini hivi, unapata historia ambayo haijaandikwa mahali pengi.

Nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu mimi na ndugu yangu mdogo tunajenga gari. Si kurekebisha, kujenga. Gari ya spoti ya viti viwili, fremu ya mabomba ya chuma, injini ya Probox iliyopata ajali, nyuma ya nyumba ya mzee wetu upande wa Nyamira, si mbali na Keroka. Injini tulipata. Welda tunaye. Tulipofika kwenye saspensheni kazi ikasimama, kwa sababu kila fundi tuliyemwendea, kutoka Kisii mjini hadi Nyansiongo, alituuliza swali moja kabla hata ya kuangalia picha kwenye simu: "Itabeba nini?"

Watu wawili, tukajibu. "Na nini?" Na hakuna kitu. Fundi mmoja, omogaka aliyeanza kazi hii enzi za Pijo, alicheka mpaka akaweka spana chini. "Vijana wangu," akasema, "gari ya kubeba watu wawili na hakuna kitu, hiyo sijawahi kuulizwa."

Wakati huo nilidhani anatutania. Sasa naona alikuwa anasema jambo la kihistoria. Huku kwetu springi imekuwa ikichaguliwa kwa sababu ya mzigo, na karibu kila kitu ambacho fundi wa Gusii anakijua kuhusu saspensheni alikijua kwa kubeba. Ili kuelewa ni springi gani tuweke kwenye gari yetu, ilibidi kwanza nielewe hizi zilizoko zilifikaje hapa.

Matope na mikungu ya ndizi

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Nyamira unazidi kupanda. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu, una rutuba, na ukilowa unateleza kama sabuni. Watu nao ni wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii na 605,576 kaunti ya Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba.

Hesabu hizo ndizo zinazoamua gari. Shamba dogo halijazi lori la ndizi. Linatoa mikungu miwili leo, gunia la mboga keshokutwa, debe la parachichi wiki ijayo. Mzigo ni mdogo lakini hauishi, na unaanzia mahali ambapo lami haijafika. Basi la abiria 33 haliwezi kuingia huko. Punda anaingia, pikipiki inaingia, na kuna aina fulani ya gari ndogo ngumu ambayo pia inaingia. Kila kizazi hapa kimekuwa kikitafuta gari hiyo.

Chai ndiyo iliyoleta malori. Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai, KTDA, iliundwa 1964 kuhudumia wakulima wadogo, na leo ukizunguka Nyamira unapita viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo, na upande wa Kisii kuna Kiamokama, Nyamache na Ogembo. Jani la chai halingoji. Likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo lori lilipita kwenye matope kila siku, na chini yake kulikuwa na zile springi za vyuma bapa, vipande vimelaliana kama kurasa za kitabu, kirefu juu, kifupi chini.

Teknolojia hiyo ni ya zamani kuliko injini. Mwingereza Obadiah Elliott aliandikisha hataza yake ya springi za namna hiyo 1804, kwa ajili ya magari ya farasi. Ilidumu huku kwa sababu fundi anaielewa kwa macho. Bamba moja likivunjika, unafungua, unatoa, unaweka lingine. Mzigo ukiongezeka, unaongeza bamba. Na chuma chake ni kizuri, hivyo springi ya lori ikifa haitupwi. Inakwenda kwa mfua chuma na inarudi ikiwa panga.

Hapo ndipo somo la kwanza la saspensheni lilipoingia kwa mafundi wa hapa: *ikiinama, ongeza chuma.* Ni somo zuri kwa lori la chai, na kwa lori linalotoa mawe ya sabuni Tabaka. Shida ni kwamba limetumika kwa kila kitu kilichokuja baadaye.

Pijo

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa 1960 na 504 ikafuata 1968. Kizazi cha wazazi wetu hakisemi Peugeot, kinasema Pijo, na kinasema kwa heshima. Kuna sababu.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila ile leseni iliyokuwa lazima kwa magari ya uchukuzi. Kabla ya hapo zilikuwa zinafanya kazi kwa kuviziana na polisi. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye pick-up angeweza kuweka mabenchi mawili nyuma, akapiga paa ya turubai au mabati, akawa na biashara. Pick-up za Pijo zilifaa. Nyuma zilikuwa na zile zile springi za bapa ambazo fundi alishazijua kutoka kwenye lori, ila ndogo.

Ile 504 ya familia ndiyo inayonivutia zaidi. Saluni ya 504 ilitengenezwa kwa ajili ya starehe, na ikasifiwa kwa hilo. Lakini gari la familia lenye safu tatu za viti lilipewa ekseli nzima ya nyuma na springi za koili nne, mbili kila upande. Wahandisi wa Ufaransa walijua kwamba mtu anayenunua gari la viti saba atabeba watu saba na mbuzi. Peugeot pia ilikuwa ikijitengenezea shoki zake yenyewe, na hilo linahesabika sana. Kwenye barabara yenye mawimbi, springi inashika uzito lakini shoki ndiyo inayoizuia isiendelee kurukaruka. Springi nzuri na shoki mbovu ni kama mlevi kwenye trampolini.

Uthibitisho ulionekana mbele ya watu wote, kwenye Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kama East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Pijo 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Pijo 504 ikashinda 1975 na 1978. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kufanya kazi hiyo. Mtu wa Nyamira aliyetaka kununua gari la kumwingiza Magombo wakati wa mvua alikuwa ameshaambiwa na redio ni gari gani linavumilia.

Na kuna jina ambalo vijana wa huku tunapaswa kulishika. Joginder Singh alizaliwa Kericho, ng'ambo tu ya mpaka wa Nyamira, 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ndugu wawili kutoka vilima vya chai, na mikono inayojua spana. Mdogo wangu ameibandika picha yao kwenye mlango wa stoo.

Gari ya spoti inayosimama wima

Hapa tukakosana kidogo nyumbani. Mdogo wangu anataka gari ikae chini, karibu ilambe lami, kama zile za Instagram. Nikamuuliza matuta ya pale Keroka atayapita vipi. Akasema atayapita mshazari. Tukaacha hapo siku mbili.

Kilichotusaidia kilikuwa historia ile ile. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia kwa gari ya aina hiyo. 240Z ni gari ya spoti kabisa, viti viwili, boneti ndefu, mgongo ulioteremka. Itazame kwenye picha za Safari: imeinuliwa, matope hadi madirishani, na bado ni nzuri kuliko nyingi zilizoshushwa. Katikati, 1972, Hannu Mikkola wa Ufini alishinda kwa Ford Escort, mshindi wa kwanza kutoka ng'ambo. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 iliyoinuliwa, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili.

Kwa maneno mengine, Afrika Mashariki ina mtindo wake wa gari ya spoti, na ulikuwepo kabla sisi hatujazaliwa. Gari inakuwa juu, gurudumu linapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, springi ni laini kiasi, na shoki inafanya kazi kubwa. Kushusha gari ni mtindo wa mahali penye lami kama meza. Mdogo wangu aliangalia video za 240Z usiku mzima, asubuhi akasema, "Sawa, iwe juu. Lakini rimu nachagua mimi."

Kilo 525

Sasa tuje kwa mfalme wa barabara zetu.

Toyota Probox ilizinduliwa Japani 2002 kuchukua nafasi ya van ya Corolla. Ni gari la kazi: la kampuni, la fundi wa simu, la mtu wa mauzo. Mbele ina struti, yaani springi na shoki vimeunganishwa kuwa nguzo moja, mpangilio wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ambao Ford waliupeleka sokoni Uingereza kwenye Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyuma ina ekseli nzima na koili mbili. Kule Japani imeandikishwa kubeba watu wawili na kilo 400, ama watu watano na kilo 250. Wajapani huhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Piga hesabu: watu watano ni kilo 275, ongeza 250, jumla kilo 525.

Nimesimama stendi ya Kisii na kuhesabu watu 11 wakishuka kwenye Probox moja, wawili wakitokea kwenye buti na mmoja akitokea kiti kimoja na dereva. Wape kilo 65 kila mmoja, ni kilo 715. Sijahesabu gunia la viazi lililokuwa juu.

Ilifikaje hapo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya uagizaji ilifunguka na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika Mombasa. Mwezi Februari 2004 zikaanza kazi sheria za matatu za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na hakuna kusimama. Zilikuwa sheria nzuri, na ziliokoa watu. Lakini barabara ya matope inayokwenda kwa mkulima mwenye mikungu miwili haikubadilika. Mahitaji yalikuwa yale yale, na gari ndogo ya bei nafuu, yenye spea kila duka, ikaziba pengo. Probox haikuchaguliwa na waziri wala na mpangaji wa miji. Ilichaguliwa na mlima.

Ikaja gereji. Probox iliyobeba 11 inainama nyuma kama mbwa aliyechapwa, na tairi zinasugua. Fundi akakumbuka somo la lori: ongeza chuma. Kuna wanaoweka spesa, kipande cha mpira au chuma chini ya koili. Hiyo inainua gari lakini haiongezi nguvu ya springi. Kuna wanaotoa koili yenyewe na kuweka ya gari kubwa zaidi. Hiyo ni habari nyingine. Ugumu wa koili unakua kwa unene wa waya uliopigwa mara nne kwa wenyewe. Badilisha waya wa milimita 12 uweke wa milimita 14, kitu ambacho jicho haliwezi kutofautisha vizuri, na springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 85. Fundi hana haja ya fomula hiyo. Anajua kwa mkono.

Ninawaheshimu mafundi hawa, na sitaki kusema kama mtu anayewacheka. Wamechukua gari la mtu wa mauzo wa Osaka na kulifanya liishi Gusii. Huo ni uhandisi. Lakini kuna jambo lazima lisemwe. Gari inayoinama inajisema. Ukiiona unajua imezidiwa, abiria anajua, polisi anajua. Gari iliyowekewa springi ngumu inasimama sawa ikiwa na watu 11, kana kwamba ina watano. Springi imejifunza kuficha mzigo. Breki hazijajifunza, ni zile zile za kilo 525. Tairi ni zile zile. Gari imekuwa ndefu kwenda juu, na kwenye kona za kushuka urefu huo unadai chake. Katika familia nyingi za huku kuna jina ambalo likitajwa watu wananyamaza, na ukiuliza, Probox iko ndani ya hadithi.

Ndiyo maana swali la "itabeba nini?" si la kuchekesha tena kwangu. Ni swali sahihi. Kilichoharibika ni kwamba kwa miaka mingi jibu limekuwa ni uongo ambao dereva, abiria na fundi wanakubaliana, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika nyumbani kabla ya giza.

Waliojenga kabla yetu

Kujenga gari lako Kenya si wazo jipya. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kikenya. Magari matano ya majaribio yakajengwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa Kasarani 1990. Shirika lililotakiwa kuyazalisha halikupata pesa za kuendelea, na mitambo yake ikaishia kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kukereza vipuri. Watu huitaja Nyayo kama kichekesho. Mimi naiona kama kazi iliyokatizwa njiani. Baadaye Mobius walijaribu, wakianza na wazo zuri kabisa la gari lililopunguzwa mambo yote yasiyohitajika na kuwekewa uwezo wa barabara mbovu. Nao walitangaza kufunga 2024.

Majaribio hayo yote mawili yalianzia juu: ikulu, wawekezaji, kiwanda. Uingereza kulikuwa na njia iliyoanzia chini. Mwaka 1948 kijana Colin Chapman alichukua Austin Seven ya zamani akaigeuza kuwa gari ya mashindano. Kutokana na hapo ikazaliwa Lotus. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, ambayo mtu angeweza kuinunua vipande vipande na kuiunganisha mwenyewe nyumbani, na kwa kufanya hivyo akakwepa kodi ya ununuzi. Mwaka 1996 mwalimu Ron Champion akachapisha kitabu cha kujenga gari la mfano huo kwa pauni 250, ukitumia sehemu za Ford Escort kuukuu.

Angalia mfuatano: Austin Seven lilikuwa gari la watu wa kawaida, Escort lilikuwa gari la watu wa kawaida. Gari ya spoti ya nyumbani hujengwa kutoka kwa gari ambalo mtaa mzima unalo, kwa sababu ndilo lenye spea na mafundi. Kwa Gusii ya leo gari hilo ni lipi? Jibu linapita hapo barabarani kila dakika mbili.

Tulichochagua

Probox huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo tumechukua sehemu yote ya mbele, injini, gia, struti na amu, tukaihamishia nyuma ya viti. Wazo si letu. Toyota wenyewe walifanya kitu kama hicho 1984 kwenye MR2, injini ya ukoo wa Corolla ikiwa katikati na struti kwenye kona zote nne. Pontiac nao walifanya hivyo kwenye Fiero, wakitumia sehemu za Chevette mbele na za Citation nyuma.

Nyuma hesabu ilikubali. Probox tupu ina karibu tani moja, na karibu asilimia 60 iko mbele, yaani kama kilo 300 kwa kila gurudumu. Gari yetu tunakadiria itakuwa kilo 700, asilimia 60 ikiwa nyuma kwenye injini. Hiyo ni kilo 210 kila gurudumu, na tukiingia sisi wawili inakaribia 250. Kwa hiyo springi za kawaida za mbele za Probox, zile za kiwandani ambazo hazijaguswa, zinatosha, ni ngumu kidogo tu. Jambo la hatari ni usukani. Struti hizo zilizaliwa zikipinda kona, na zikiwa nyuma lazima tairodi ifungwe kwenye fremu kwa urefu na pembe inayolingana na amu. Ukikosea, kila tuta litageuza magurudumu ya nyuma bila kukuomba ruhusa. Tulifunga, tukapandisha na kushusha gurudumu kwa jeki, tukapima na uzi, tukakata, tukafunga tena. Mara sita.

Mbele ndiko kwenye shida. Huko kuna asilimia 40 tu, kilo 140 kila gurudumu. Ukiweka struti za Probox na springi zake, mbele itasimama juu kama swala na kuruka kila shimo. Tairi iliyoko hewani haipindi kona wala haishiki breki. Fundi mmoja kijana alishauri tukate koili moja. Lakini kukata kunafupisha springi na kuifanya iwe ngumu zaidi: toa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, na ugumu unapanda kwa asilimia 20. Mwingine akasema tuipashe moto ilegee. Hapana. Springi iliyopashwa moto imepoteza roho yake, na siku ya kuvunjika haitangazi.

Jibu lilitoka kwa yule omogaka aliyetucheka. Tulimrudia na karatasi ya hesabu. Akaisoma polepole, akauliza tena, "Itabeba nini?" Nikamwambia, omogaka, kilo 140 mbele, bila mtu, bila gunia. Akanyamaza. Kisha akaenda kwenye rundo lake na kuvuta koili nyembamba. "Hii ni ya nyuma ya Vitz," akasema. "Nyuma ya Vitz hakuna kitu. Ni kama mbele yenu." Vitz na Probox ni ndugu wa ukoo mmoja wa Toyota, kwa hiyo vingi vinaingiliana. Springi ya nyuma ya Vitz haikai kwenye struti yenyewe bila kutengenezewa sahani mpya za juu na chini, na hizo tumezikereza Kisii mjini. Kwa shoki tumelipa zaidi kuliko kitu kingine chochote baada ya injini: mpya, si za ex-Japan. Springi iliyotumika unaweza kuipima. Shoki iliyotumika inakuficha mambo, na ya mbele inalinda usukani.

Bado kuna mlima mwingine. Usajili, ukaguzi wa NTSA, bima. Hayo hayatatuliwi kwa spana, na hatutaliweka gari barabarani kabla ya hayo, hata kama majirani wanatuuliza kila Jumapili.

Wakati huo nimeanza daftari. Kila ninapopita gereji naomba ruhusa ya kupima springi iliyotolewa: unene wa waya kwa venia, idadi ya mizunguko, imetoka gari gani, ilikuwa inabeba nini. Mafundi wanashangaa mtu kuandika, lakini wanasema. Nimejifunza kwamba wengi wao wanajua kwa usahihi wa ajabu mzigo ambao gari fulani litabeba kabla halijainama, na kwamba hakuna hata mmoja ambaye amewahi kuulizwa na mtu wa serikali, wa chuo au wa kiwanda. Daftari lina springi 31 sasa. Thelathini kati ya hizo, kwenye safu ya mwisho, nimeandika chai, ndizi, mawe, mabati, abiria. Ya 31 ni ile koili ya Vitz. Safu yake ya mwisho inasema: watu wawili.